Kusomea Ukutubi wa Shule Nikiwa Mama na Mwalimu

Mwalimu mkutubi, yaani mwalimu anayeendesha maktaba ya shule, ana taaluma mbili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayefikiria kusomea kazi hii akiwa na familia anapaswa kulifahamu. Hafundishwi tu namna ya kupanga vitabu, kuviorodhesha na kuviazimisha. Anafundishwa pia kupanga somo pamoja na mwalimu wa historia au wa biolojia, kumwongoza mwanafunzi atafute taarifa, azipime na azitumie bila kujitwalia maneno ya wengine, na kuifanya shule nzima ipende kusoma. Miongozo ya maktaba za shule iliyotolewa mwaka 2015 na IFLA, ambalo ni shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, inaeleza kwamba anayeendesha maktaba ya shule anahitaji mafunzo rasmi ya ukutubi wa shule na ya ufundishaji darasani pia. Ndiyo maana wengi wanaojiunga na masomo haya ni walimu ambao tayari wana kazi, na mara nyingi tayari wana nyumba inayowategemea. Mimi ni mmoja wao. Ninafundisha mchana, nina mume na watoto wawili, mama mkwe wangu anaishi nasi, na masomo yangu ninayafuata kwa njia ya masafa, jioni na mwisho wa juma.

Ninaandika haya nikimfikiria mwalimu aliyekwisha kujaza nusu ya fomu ya maombi kisha akasita. Maswali ninayoulizwa na walimu wenzangu karibu yote yanahusu saa: unasoma saa ngapi, unalala saa ngapi, watoto wanakuona saa ngapi. Ni maswali ya haki, lakini kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoamini kwamba saa si kipimo kizuri cha mzigo huu. Kinachogombewa kati ya masomo na familia ni usikivu, ule uwezo wa kumpa mtu au jambo akili yote bila kuigawa. Mtu anaweza kuwa na saa tatu za jioni zilizo wazi kabisa na asiwe na usikivu wa kusoma hata ukurasa mmoja, kwa sababu mchana kutwa ameutoa kwa wanafunzi. Tena ukutubi wa shule ni kazi ambayo kiini chake ni usikivu huohuo: kumsikiliza mtoto anayetafuta kitu ambacho hajaweza bado kukitaja. Basi anayesomea kazi hii huku akilea anajikuta anahitaji kitu kilekile darasani, mezani kwa masomo na nyumbani, na inambidi aamue kwa uangalifu nani akipate lini.

Baada ya muhula wa kwanza niliacha kugawa kazi za kozi kwa saa nikaanza kuzigawa kwa aina ya usikivu zinazoudai. Jambo hili limenisaidia kuliko ratiba yoyote niliyowahi kuibandika ukutani, na nitalieleza kwa mifano kwa sababu bila mifano halionekani.

Kuorodhesha vitabu ni kazi inayovumilia kukatizwa. Unaweka kitabu mbele yako, unaandika jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, namba ya ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu) na mada zake, halafu unakipa namba ya mahali kitakapokaa rafuni. Kila hatua inakamilika yenyewe. Mtoto akiita unaweza kuinuka, ukarudi baada ya nusu saa, na kazi ikawa inakusubiri palepale ulipoiacha. Zaidi ya hayo, baadhi ya sehemu zake zinaweza kufanywa na watoto. Tangu mwaka 2007 ISBN ina tarakimu 13, na ya mwisho kati ya hizo huwekwa kwa ajili ya kukagua kama namba imenakiliwa sawasawa: ukizidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha ukajumlisha, jibu lazima ligawanyike kwa 10 bila kubaki kitu. Mwanangu wa kiume, ambaye hesabu za kuzidisha zilikuwa zikimkera, alilipenda zoezi hili, akapita rafu zetu zote nyumbani akikagua namba za vitabu. Mimi nilikuwa nikijaza kumbukumbu za katalogi, yeye akizidisha, na sote wawili tulikuwa kazini kweli.

Uainishaji, yaani kuvipanga vitabu kwa mada, unadai zaidi, ingawa nao unaweza kukatwa vipande. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, unayagawa maarifa yote katika makundi makuu 10, kila kundi katika migawanyo 10, na kila mgawanyo katika vifungu 10, hata zikapatikana namba kuanzia 000 hadi 999, ambazo kisha huongezwa tarakimu baada ya nukta kadiri mada inavyozidi kuwa finyu. Mamalia wako 599. Ngano na hadithi za kimapokeo ziko 398.2, mbali na riwaya na tamthilia zilizo katika kundi la 800. Namba hizi mtu hujifunza kwa kuzitumia, na nimezikariri nyingi nikiwa nimesimama na kazi nyingine mkononi.

Lakini mfumo huu si wa kukariri tu, na hapa nataka kutua kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo mwalimu aliye ndani ya mkutubi anahitajika. Katika kundi la 800, fasihi za Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kilatini na Kigiriki pamoja na lugha zilizo karibu nazo zimepewa migawanyo kuanzia 810 hadi 880, na fasihi za lugha nyingine zote za ulimwengu zimewekwa pamoja katika 890. Kiswahili kama lugha kiko 496.392, na fasihi yake iko 896.392. Katika kundi la dini vilevile, sehemu kubwa ya namba ilitengwa kwa Ukristo, na dini nyingine zilizobaki zikakusanywa katika 290. Mkutubi hawezi kuubadilisha mfumo mzima peke yake, wala sioni faida ya kuutupa, maana unamwezesha mwanafunzi kuingia maktaba nyingine popote na kujua aanzie wapi. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba mtoto anayetafuta mashairi ya lugha yake hayakuti mwishoni mwa rafu ya chini, katika kona isiyo na mwanga, kana kwamba ni masalio. Namba inasema kitabu kifuate kitabu kipi. Haisemi rafu ipi iwe mbele ya mlango, wala kibao cha juu yake kiandikwe maneno gani. Maamuzi hayo ni ya mwalimu mkutubi, na nimejifunza kuyatazama kama maamuzi ya ufundishaji.

Insha za utafiti ni jambo jingine kabisa. Hizo hazivumilii kukatizwa. Ukiwa umesoma makala nne na hoja yake inaanza kuonekana kwa mbali, kisha ukaitwa kutafuta kiatu kilichopotea, ukirudi hoja imekwisha kutoweka na unaanza upya. Kwa hiyo insha nimezitengea asubuhi za Jumamosi, mlango ukiwa umefungwa, na watoto wako kwa baba yao. Mume wangu na mimi tulilizungumza hilo kabla sijalipa ada, na nadhani mazungumzo hayo yalikuwa na uzito kuliko fomu zote za chuo. Hatukuzungumzia kunisaidia. Tulizungumzia nani anawajibika. Asubuhi hizo yeye ndiye mwenye nyumba kwa kila kitu, hata kama kuna mgeni, hata kama mtoto ana homa isiyotisha, na mimi sitoki kutoa maelekezo. Badala yake, jioni za siku tulizokubaliana ni zangu na watoto, na kompyuta haifunguliwi hata kama kazi inatakiwa kesho. Mkataba wa namna hii unahitaji kuzungumzwa upya kila muhula, kwa sababu kozi hubadilika na watoto hukua.

Mama mkwe wangu alikuwa na swali lake. "Mwanangu, ualimu unao tayari. Unasomea nini tena?" Nilimwambia, "Mama, nasomea kumsaidia mtoto ajifundishe mwenyewe mwalimu asipokuwapo." Alinyamaza akalifikiria, kisha akatoa sharti moja tu: wakati wa kula, masomo yasiwepo mezani. Tumelishika. Ni sharti la busara kuliko ushauri mwingi wa kitaalamu kuhusu kugawa muda, kwa kuwa linalinda mahali pamoja ambapo kila mtu ana hakika atasikilizwa.

Katika somo la historia ya ukutubi nilikutana na mtu ambaye ningependa kila mwalimu anayesita amfahamu. S. R. Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati huko Madras, nchini India, kabla ya kuteuliwa mwaka 1924 kuwa mkutubi wa chuo kikuu cha mji huo. Mwanzoni upweke wa kazi mpya ulimchosha mno hata akaomba arudishwe kufundisha. Alipelekwa London kusomea ukutubi, akazitembelea maktaba nyingi, akaona jinsi zinavyowahudumia watu wa kila namna, na akarudi akiwa na shauku ambayo haikumtoka maisha yake yote. Mwaka 1931 alizitoa kanuni tano ambazo bado hufundishwa: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, uokolewe muda wa msomaji, na maktaba ni kiumbe kinachokua. Zinaonekana rahisi kupita kiasi mpaka uzichukue moja moja na kuziuliza shule yako. Kama vitabu ni vya kutumiwa, kwa nini kabati limefungwa kwa kufuli? Kama kila msomaji ana kitabu chake, yule mvulana wa nyuma anayesoma kwa shida ana kitabu gani kilichoandikwa kwa heshima ya umri wake na pia kwa kiwango chake cha kusoma?

Kanuni ya nne ndiyo iliyoingia nyumbani kwangu. Mkutubi anaambiwa kwamba muda wa msomaji ni mali asiyopaswa kuipoteza: katalogi, vibao, mpangilio wa rafu na hata mahali pa meza, vyote vipo ili mtu asihangaike. Nikaona kwamba na mimi ni msomaji ambaye muda wake unastahili kuokolewa. Nikimaliza kipindi cha kusoma, hata kama ni cha robo saa, kabla ya kufunga ninaandika mstari mmoja: nimeishia wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Makala zote za kozi nimezipa majina kwa utaratibu mmoja, jina la mwandishi, mwaka, na mada kwa maneno mawili au matatu, nikaziweka katika folda moja kwa kila kozi. Kwa anayeishi peke yake pengine huu ni usafi wa kupendeza tu. Kwa mzazi ni tofauti kati ya robo saa ya kusoma na robo saa ya kutafuta faili.

Somo lililonigusa zaidi ya yote, hata hivyo, ni lile la namna watu wanavyotafuta taarifa. Carol Kuhlthau, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mkutubi wa shule, aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakiandika kazi za utafiti, na hakuangalia tu walichofanya bali pia walichofikiri na walivyojisikia. Utafiti wake wa awali aliukamilisha mwaka 1983. Aliona safari ya hatua sita: mwanafunzi anapewa kazi, anachagua mada, anachunguza, anapata mwelekeo, anakusanya taarifa zinazohusu mwelekeo huo, kisha anawasilisha. Jambo kubwa alilolionyesha ni kwamba wasiwasi haupungui kadiri mtu anavyosoma. Baada ya kuchagua mada mwanafunzi hufurahi kidogo, lakini anapoingia katika uchunguzi, wasiwasi na mkanganyiko huongezeka, kwa sababu vyanzo vinapingana, mada inaonekana kubwa kuliko alivyodhani, na bado hajui ashike kipi. Uwazi huja pale anapopata mwelekeo. Wengi hukata tamaa kabla ya kufika hapo, wakiamini kwamba kukanganyikiwa kwao ni ushahidi kwamba hawana akili.

Nimefundisha kwa miaka mingi na nimewaona watoto katika hali hiyo, lakini sikuwahi kuona imeelezwa kwa uwazi kiasi hiki. Shule kwa kawaida humsaidia mwanafunzi mwanzoni, kwa kumpa mada, na mwishoni, kwa kusahihisha alichoandika. Katikati, pale anapozama, huachwa peke yake. Mwalimu mkutubi ndiye mtu anayeweza kusimama katikati hapo. Haitakiwi ampe jibu. Anamwambia kwamba hali aliyo nayo inatarajiwa, anamwomba aeleze kwa mdomo alichokisoma hadi sasa, na anamwuliza ni jambo gani kati ya hayo limemshangaza. Mara nyingi mwelekeo hutokea katika jibu la swali hilo la mwisho. Ningependa kila mwalimu apewe mafunzo ya jambo hili moja tu, hata kama hatagusa ukutubi maishani mwake.

Nyumbani, elimu hiyo ilibadilisha namna tunavyopanga miezi yetu. Hapo awali tulikuwa tunaiogopa wiki ya kuwasilisha kazi, tukiiondolea shughuli zote, kumbe kwangu wiki hiyo ni tulivu: ninajua ninachosema, ninasahihisha tu. Wiki ngumu ni zile za katikati, za uchunguzi, ninapokuwa na karatasi nyingi na hoja hakuna, na ndizo wiki ambazo hukasirika upesi na kusahau nilichoagizwa. Nilimwelezea mume wangu zile hatua sita. Siku hizi akiniona nimekunja uso huniuliza, "Uko hatua gani?" Nikimjibu kwamba niko ya tatu, anajua kwamba kinachonikunjisha uso hakimhusu yeye wala watoto, na kwamba huu si wakati wa kuniuliza kama tuwaalike wageni. Sasa ratiba yetu inazipunguzia mzigo wiki hizo za katikati, na wiki ya kuwasilisha tunaishi kama kawaida.

Binti yangu, aliye mkubwa, alikuwa na kazi ya shule kuhusu mito, na jioni moja nilimkuta analia mbele ya daftari. Alikuwa amesoma mengi na hakuweza kuandika neno. Mama mwenye haraka angemwandalia vichwa vya habari vitatu ili mambo yaishe, na sina haki ya kumlaumu mama huyo. Siku hiyo ilikuwa mojawapo ya jioni zake, kwa hiyo nilikaa. Nilimwambia kwamba watafiti wamewaona wanafunzi wengi wakilia mahali hapohapo alipo yeye, kisha nikamwuliza kilichomshangaza. Alisema hakujua kwamba mto unaweza kuhama njia yake. Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia, na iliyobaki aliifanya mwenyewe.

Kuna ustadi mwingine unaokaribiana na huo, nao ni mahojiano ya rejea, yale mazungumzo mafupi kati ya mkutubi na anayekuja kuuliza. Tunafundishwa kwamba swali la kwanza mara nyingi silo analolihitaji muulizaji. Mtoto husema anataka kitabu cha wanyama. Mkutubi akimwelekeza moja kwa moja kwenye 590 amejibu maneno, hajamjibu mtoto. Akimwuliza kwa swali lililo wazi, lisilojibika kwa ndiyo au hapana, anataka kujua nini kuhusu wanyama, huenda akasikia kwamba paka wa nyumbani kwao ni mgonjwa na anataka kujua kama atapona. Hapo rafu ni nyingine, na sauti ya kumjibu ni nyingine pia. Mkutubi hufundishwa kutega sikio, kurudia kwa maneno yake alichosikia ili ahakikishe, na mwisho kuuliza kama alichotoa ndicho kilichotafutwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huiruka.

Mtu hawezi kufanya mazoezi ya jambo hilo kwa wiki nyingi bila kuanza kuyasikia maswali ya nyumbani kwa namna mpya. Mtoto anayesimama mlangoni na kuuliza, "Mama, unasoma nini?" kwa kawaida hataki kujua jina la makala. Anauliza utamaliza lini, au kama unaweza kumtazama anachotaka kukuonyesha. Nimejaribu, ninapoweza, kujibu lile swali la pili: namwambia ni saa ngapi nitafunga, na saa hiyo ninafunga kweli. Mtoto anaweza kuvumilia muda mrefu wa kutokuwa na mama yake kama mwisho wa muda huo unajulikana na unaheshimiwa. Asichoweza kuvumilia ni kuambiwa "bado kidogo" jioni nzima.

Kozi ya fasihi ya watoto ilikuwa pumziko. Ilitutaka tusome vitabu vingi vya rika mbalimbali, vya picha, vya hadithi, vya sayansi, na kuandika tathmini ya kila kimoja: lugha yake, michoro yake, wahusika wake, na kama mtoto anayekisoma anaweza kujiona ndani yake au kumwona mwenzake aishiye tofauti. Ndiyo kazi ya chuo pekee niliyoweza kuifanya watoto wakiwa wameniegemea. Hata hivyo, mwanangu aligundua haraka kwamba namtazama zaidi kuliko ninavyosoma, na kwamba akicheka ninaandika. Alisema hataki kusomewa na mtu mwenye kalamu. Tukakubaliana kwamba vitabu vya kozi tutavisoma kalamu ikiwepo, na kitabu cha mwisho kabla ya kulala atakichagua yeye na hakuna atakayekiandika. Mpaka leo kitabu hicho cha mwisho hakijaingia katika kazi yangu yoyote, na ninaamini ndicho kinachomfundisha mwanangu kupenda kusoma.

Somo la kujenga na kupunguza makusanyo nalo lilipita nyumbani kwa urahisi. Kitabu huondolewa rafuni kikiwa kimechakaa mno, kikiwa hakiazimwi tena, au kikiwa kinasema jambo ambalo si kweli tena. Kitabu cha anga kinachomfundisha mtoto kwamba Pluto ni sayari ya tisa, kwa mfano, kimepitwa tangu mwaka 2006, wanaastronomia walipoiweka katika kundi la sayari kibete. Tulizipitia rafu zetu pamoja kwa vigezo hivyo, na tukatoa vitabu vingi kuliko nilivyodhani.

Nimeamua kuchukua kozi chache kwa muhula kuliko kiwango kinachoruhusiwa, na ninamshauri mwalimu mwenye watoto wadogo afanye vivyo hivyo ikiwa chuo kinamruhusu. Masomo yatachukua muda mrefu zaidi, na ada huenda ikalipwa kwa kipindi kirefu. Lakini kozi za ukutubi wa shule zinahitaji kujaribiwa shuleni kati ya moja na nyingine. Nilichojifunza kuhusu mahojiano ya rejea nilikuwa na muda wa kukitumia kwa wanafunzi wangu kabla ya kuanza somo la kufundisha utafiti, na somo hilo la pili lilieleweka vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Wenzangu waliobeba kozi nyingi walifika mwisho wakiwa na vyeti mapema, na baadhi yao wanasema hawakumbuki walisoma nini. Ningemshauri pia azungumze na wakufunzi mapema, mwanzoni mwa muhula, kabla ya tatizo lolote kutokea. Mkufunzi anayejua kwamba una mtoto mdogo na kazi ya kutwa husoma ombi lako la siku mbili za ziada kwa jicho tofauti.

Kilichobaki mbele yangu, na ambacho sijakitatua chote, ni mazoezi kwa vitendo. Sehemu hii haiwezi kufanywa usiku wala Jumamosi. Maktaba ya shule hufanya kazi saa zilezile ambazo mimi ninafundisha, na mwanafunzi wa ukutubi anatakiwa awepo humo chini ya mkutubi mwenye uzoefu, aazimishe vitabu, aandae kipindi na mwalimu mwingine, ajibu maswali, afungue na kufunga. Mwalimu anayefikiria kujiunga aulize jambo hili kabla ya jingine lolote: mazoezi huchukua wiki ngapi, yanaweza kugawanywa au ni mfululizo, na kama yanaweza kufanyiwa katika shule yake mwenyewe. Majibu hutofautiana sana kati ya chuo na chuo, na ndiyo yanayoamua kama mpango mzima unawezekana kwa mwenye ajira. Mimi nimeruhusiwa kuyagawa sehemu mbili. Ya kwanza itaangukia likizo ya shule yetu, katika shule ambayo kalenda yake ni tofauti, na mume wangu ataomba siku zake za mapumziko wakati huohuo ili awe na watoto. Kwa sehemu ya pili nimemwandikia mkuu wangu wa shule, nikimwomba mwalimu mwenzangu ashike baadhi ya vipindi vyangu na mimi nimlipe kwa kushika vyake muhula unaofuata. Mwenzangu amekubali. Mkuu ameomba nimwonyeshe, kwa maandishi, maktaba ya shule yetu itafaidika nini, na rasimu ya barua hiyo ndiyo nitakayoikamilisha Jumamosi hii.